Faida iko kwenye usiku wa pili: Somo la Pemba kwa wafanyabiashara wa Songea

Mfanyabiashara wa Songea hahitaji kufundishwa biashara ya mahindi. Anajua kwamba bei ikiwa mbaya mwezi Julai, wakati kila mkulima anatoa mazao shambani, gunia laweza kutiwa dawa, likapangwa ghalani na kusubiri Januari. Biashara ya wageni haina ghala. Chumba kilicholala kitupu jana hakiwezi kuuzwa leo pamoja na cha leo, na kiti cha gari kilichokwenda Mbamba Bay bila mtu kimekwenda na hasara yake. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza ambayo mwenye mtaji mdogo anapaswa kuielewa kabla ya kupeleka fedha zake katika utalii, sekta inayotajwa mara kwa mara kuwa mlango mpya wa uchumi wa Ruvuma.

Sababu za kutajwa zipo. Watalii kutoka nje walioingia Tanzania walikuwa takriban milioni 1.8 mwaka 2023 na wakapindukia milioni 2.1 mwaka 2024. Songea yenyewe imepata nafasi yake katika habari. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho ya Vita vya Majimaji mjini hapa, akaonana na ukoo wa Nduna Songea Mbano na kuomba msamaha kwa ukatili wa utawala wa kikoloni wa nchi yake. Septemba 2024 mji ukawa mwenyeji wa Tamasha la Tatu la Utamaduni la Kitaifa, ambalo lilihitimishwa na Rais Samia Suluhu Hassan katika Uwanja wa Majimaji.

Matukio ya namna hiyo huuleta mji machoni pa watu. Swali la kibiashara ni jingine: msafara ukishaondoka na vipaza sauti vikishazimwa, ni nani anabaki na fedha, na kwa siku ngapi za mwaka? Jibu lipo kisiwani Pemba, sehemu ambayo kwa mtazamo wa haraka haifanani na Songea hata kidogo.

PEMBA: MSITU UPO, MGENI YUKO UNGUJA

Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000 mwaka 2023 na zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Anayesikia takwimu hizo hudhani kwamba kila kisiwa kinavuna. Sivyo. Sehemu kubwa kabisa ya wageni hao huishia Unguja, kwenye Mji Mkongwe na hoteli za pwani. Pemba, ambayo ni kisiwa cha pili kwa ukubwa na ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi, hupata sehemu ndogo tu.

Haiwezekani kusema kwamba Pemba haina vivutio. Kaskazini magharibi mwa kisiwa, ng'ambo ya Konde, upo msitu wa Ngezi. Ni mabaki ya msitu mnene wa mvua uliokuwa umefunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mashamba ya mikarafuu kuenea katika karne ya 19. Ndani yake imo mivule mirefu, na ukiumaliza msitu unatokea ufukwe wa Vumawimbi. Yupo popo mkubwa wa Pemba, mla matunda, ambaye haishi kwa asili mahali pengine popote duniani. Yapo magofu ya Ras Mkumbuu, na yapo ya Pujini ambayo simulizi huyahusisha na mtawala aliyeitwa Mkama Ndume. Upo mchezo wa ng'ombe, ambao husemekana kuwa ni urithi wa enzi za Wareno. Kwa orodha, Pemba ni tajiri.

Lakini orodha hailipi kodi ya pango. Ndege kubwa zinazoleta wageni moja kwa moja kutoka Ulaya zimezoea kutua Unguja. Anayetaka kwenda Pemba hulazimika kupanda ndege ndogo au meli kutoka Unguja au bara, na safari hiyo humlia siku nzima katika likizo ambayo pengine ni ya siku saba au kumi. Akishafika hukuta vitanda si vingi, na kivutio kimoja kiko mbali na kingine. Wakala aliyeko Berlin au Milan, anayepanga safari kwa saa, huona ni rahisi zaidi kumbakiza mgeni wake Unguja. Huko kuna msitu wa Jozani wenye kima punju wekundu, kuna viungo, kuna ufukwe, na vyote hufikika kwa gari ndani ya siku moja.

Kwa lugha ya sokoni, Pemba ina bidhaa nzuri iliyokosa ufungashaji na usafirishaji. Hapo ndipo Songea na Pemba zinapofanana kama ndugu wa tumbo moja.

MALI ILIYOPO RUVUMA

Tufungue ghala la Songea tuone kilichomo.

Mjini kabisa, eneo la Mahenge, yapo Makumbusho ya Vita vya Majimaji, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Hapo pana kaburi la halaiki la mashujaa walionyongwa na Wajerumani, na kando yake kaburi la Nduna Songea Mbano ambaye mji umebeba jina lake. Kila mwaka kumbukumbu yao hufikia kilele Februari 27, tarehe ya kunyongwa kwa mashujaa hao mwaka 1906.

Kiasi cha kilomita 25 kutoka mjini ipo abasia ya Wabenediktini ya Peramiho, iliyoanza kama kituo cha misheni mwaka 1898. Kanisa lake kubwa, hospitali na karakana zake vimekuwa vikileta watu kutoka Ujerumani na Uswisi tangu zamani. Hawa ni wageni ambao tayari wana sababu ya kuja kusini, na hakuna anayehitaji kuwashawishi upya.

Ukiendelea na barabara ya lami hadi Mbinga, kama kilomita 100 kutoka Songea, unaingia katika milima ya Wamatengo. Huko kuna kilimo cha ngolo, ambacho wataalamu wa udongo wamesafiri kutoka mbali kuja kukichunguza. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayopishana kama nyavu, kisha hufunikwa kwa udongo, na katikati ya kila jicho la wavu hubaki shimo. Mvua ikinyesha juu ya mteremko mkali, maji hutulia mashimoni badala ya kuondoka na udongo. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake hufukia. Wamatengo wamelima hivyo kwa zaidi ya karne moja, na hapo hapo milimani ndiko kahawa ya Mbinga inakotoka.

Kutoka Mbinga, kilomita 66 za lami huteremka hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa. Ziwa hili lina kina cha takriban mita 700 na mamia ya aina za samaki wadogo wa rangi, nyingi zikiwa hazipatikani katika maji mengine. Wapo wazungu wanaowafuga samaki hao ndani ya vioo sebuleni mwao bila kujua kwamba wanaweza kuja kuwaona wakiogelea kando ya mawe ya Mbamba Bay. Visiwa vidogo vya mawe na miti vinaonekana kutoka ufukweni, na mtumbwi hufika.

Mbele zaidi ipo Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa la Pomonda lililosimama majini. Waliona linafanana na sanamu ile maarufu ya Misri. Agosti 1914, katika siku za mwanzo za Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliivamia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilipokuwa Liuli na kuilemaza. Ni wachache wanaojua kwamba vita ile ya dunia ilipiga hodi Nyasa mapema kiasi hicho. Habari ya namna hiyo ni mali, kama alivyo mali usipa aliyeanikwa ufukweni.

Ongeza ngoma za lizombe ya Wangoni, mganda, na kioda ya akina mama wa Nyasa, na ghala limejaa. Kwa hiyo tatizo si uhaba wa bidhaa.

HESABU YA GESTI YA VYUMBA KUMI

Wengi wakisikia utalii, wazo la kwanza ni kujenga gesti. Ni wazo linaloeleweka: nyumba haikimbii, na benki hukubali kuishika kama dhamana. Lakini kabla ya kupeleka hati benki, msomaji achukue kalamu. Bei zitakazotumika hapa ni za mfano tu, na kila mtu aweke zake.

Tuseme gesti ina vyumba 10 na chumba ni Sh. 30,000 kwa usiku. Mshahara wa wafanyakazi, mlinzi, umeme, maji na matengenezo ni Sh. 2,400,000 kwa mwezi, na rejesho la mkopo ni Sh. 1,500,000. Jumla ni Sh. 3,900,000 kwa mwezi, awepo mgeni asiwepo. Kwa mwaka ni Sh. 46,800,000.

Kila chumba kinapouzwa, kufua shuka, sabuni na chai ya asubuhi humla mwenye nyumba Sh. 6,000. Kwa hiyo katika kila Sh. 30,000, kinachobaki cha kulipia gharama zile za kudumu ni Sh. 24,000. Gawanya Sh. 46,800,000 kwa Sh. 24,000, unapata 1,950. Hiyo ndiyo idadi ya mara ambazo chumba lazima kiuzwe kwa mwaka ili mwenye gesti asipate hasara wala faida. Vyumba 10 kwa siku 365 ni mauzo 3,650. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya vyumba lazima viwe na watu kila usiku, Jumatatu hadi Jumapili, kiangazi na masika, ndipo senti ya kwanza ya faida ionekane.

Sasa tuangalie wiki ya tamasha, ile ambayo watu huitumia kujipa moyo. Tuseme vyumba vyote 10 vimejaa kwa usiku saba, na mwenye gesti amepandisha bei maradufu hadi Sh. 60,000. Akitoa Sh. 6,000 za gharama, kila chumba kinamwachia Sh. 54,000. Mara mauzo 70, ni Sh. 3,780,000. Fedha hiyo haifikii hata gharama za kudumu za mwezi mmoja, ambazo ni Sh. 3,900,000. Wiki nono kuliko zote katika mwaka imeshindwa kubeba mwezi mmoja, na miezi kumi na moja bado iko mlangoni inagonga.

Aidha, mgeni aliyetozwa maradufu kwenye tamasha hukumbuka. Mwakani atafikia kwa jamaa yake, au atalala Njombe na kuja asubuhi.

Hii haina maana kwamba gesti ni biashara mbovu. Maana yake ni kwamba gesti ya Songea inalishwa na wasafiri wa kila siku: wanunuzi wa mahindi na kahawa, maofisa wa semina, wauguzaji na madereva. Mtalii ni kitoweo juu ya ugali huo. Anayejenga kwa kutegemea mtalii peke yake anapika kitoweo bila unga.

FEDHA IKO KWENYE SIKU YA PILI

Hapa ndipo somo la Pemba linapoingia. Kinachoitajirisha sehemu si idadi ya watu wanaofika, bali ni idadi ya usiku wanaolala na mifuko mingapi ya wenyeji fedha zao zinapitia.

Chukua kundi la wageni wanane wanaofika Songea jioni, wanalala katika vyumba vinne, wanatembelea makumbusho asubuhi na kuondoka. Vyumba ni Sh. 120,000. Chakula cha jioni na chai kwa Sh. 15,000 kila mmoja ni Sh. 120,000. Jumla ni Sh. 240,000, ukiacha kiingilio cha makumbusho. Mifuko iliyofaidika ni miwili: gesti na jiko.

Sasa kundi lile lile lishawishiwe kuongeza siku moja ya kwenda Mbinga na kulala Mbamba Bay. Vyumba, Sh. 120,000. Chakula cha siku nzima kwa Sh. 25,000 kila mmoja, Sh. 200,000. Gari la kukodi, Sh. 250,000. Kiongozi wa wageni, Sh. 50,000. Kikundi cha ngoma jioni, Sh. 150,000. Mashua ya kwenda kisiwani asubuhi, Sh. 80,000. Jumla ni Sh. 850,000 kwa siku hiyo moja ya nyongeza, zaidi ya mara tatu ya siku ya kwanza. Na mifuko iliyofaidika ni sita, kuanzia mama anayekaanga mbasa hadi kijana mwenye mashua.

Jambo la kuzingatia ni kwamba siku hiyo ya pili haikuhitaji jengo jipya. Ilihitaji simu, makubaliano na mtu wa kuunganisha. Gari lipo, mashua ipo, kikundi cha ngoma kipo. Kilichokosekana ni mtu anayeweza kumwambia mgeni, jioni ile ile anapokunywa chai, bei moja ya safari nzima, saa ya kuondoka na saa ya kurudi, na kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mtaji wa kazi hiyo ni mdogo kuliko wa kujenga gesti, na hasara yake ikitokea haiuzi nyumba.

Kazi hiyo ina sheria yake. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka anayefanya biashara ya kupokea na kuongoza watalii awe na leseni, na kazi ya kuongoza wageni imetengewa Watanzania. Anayeanza kienyeji ajue kwamba siku atakayokamatwa ndiyo siku gari limejaa wageni.

MAJIRA: PALE KALENDA INAPOGOMBANA NA MVUA

Ruvuma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mawakala wengi wa nje huwaambia wageni waje wakati wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, barabara zikiwa kavu na mbuga zikiwa wazi. Lakini baadhi ya bidhaa bora za Songea huiva nje ya msimu huo. Kumbukumbu ya mashujaa ni Februari. Ngolo mpya huchimbwa mvua zinapoelekea kwisha, kuanzia Machi. Anayekuja Agosti ataona mashimo yaliyokwisha chimbwa, lakini hataona mikono inayoyachimba.

Kwa mfanyabiashara mwerevu, huo ni upenyo. Miezi ya Februari na Machi ndiyo miezi ambayo vitanda huhitaji watu. Safari fupi inayounganisha kumbukumbu ya Februari 27 na ngolo za mwanzo, ikiuzwa mapema kwa shule, vyuo, vikundi vya dini na watafiti, yaweza kujaza vyumba ambavyo hakuna ongezeko la bei litakalovijaza. Kundi la wanafunzi hulipa kidogo kwa kichwa, lakini huja kwa basi zima na huja tena mwaka ujao na darasa jipya.

Ziwani mambo ni kinyume. Katikati ya mwaka upepo wa kusi huchafua maji, na mashua ndogo haina kazi ya kulazimisha safari. Mwenye mashua asiye na majaketi ya kuokolea asipelekewe wageni hata kama bei yake ni nusu. Ajali moja hufunga soko la wote. Vivyo hivyo mgeni aambiwe ukweli juu ya kichocho na mamba, aonyeshwe mahali ambapo wenyeji wenyewe huoga bila wasiwasi. Ukweli unaosemwa kabla ni huduma, na unaogunduliwa baadaye huhesabika kuwa ni ulaghai.

KIDIKE: KIJIJI KILICHOACHA NYAMA KIKACHUKUA ADA

Turudi Pemba kwa somo la mwisho. Yule popo mkubwa aliyetajwa awali alikuwa akiwindwa kwa nyama, na miti anamolala ilikuwa ikikatwa. Katika miaka ya 1990 alikuwa katika hatari kubwa ya kutoweka kabisa. Vijiji kadhaa vikaunda vikundi vya kumlinda. Katika kijiji cha Kidike, uwindaji ulikatazwa, na mgeni anayetaka kuwaona popo hao wakiwa wamening'inia mchana hulipa ada ndogo na kuongozwa na wenyeji. Popo wakaongezeka tena.

Kidike hawakujenga hoteli. Walifanya mambo matatu: walikubaliana juu ya kitu chao kimoja, waliweka mlango mmoja wa kulipia, na walihakikisha kwamba waliokuwa wakipata kitu kwa kuharibu sasa wanapata kwa kutunza. Mambo hayo matatu yanawezekana Liuli penye jiwe la Pomonda. Yanawezekana pia katika kijiji chochote cha Umatengo ambacho wakulima wake wamechoka kupigwa picha bure na watu wasiowajua. Mkulima wa ngolo anayelipwa kila kundi linapopita shambani kwake ana sababu ya ziada ya kuendelea kuchimba, wakati ambapo vijana wengi wanaiona kazi hiyo kuwa ni mateso ya mgongo. Ngolo zikiachwa, mteremko utaporomoka, na hapo hakutakuwa na kahawa wala mgeni.

KABURI SI KIBANDA CHA MAONYESHO

Lipo jambo moja ambalo hesabu peke yake haiwezi kuliamua. Bidhaa kubwa ya Songea ni msiba. Waliolala pale Mahenge wana wajukuu na vitukuu wanaoishi mjini humu, wanaouza nguo Majengo na kulima Peramiho. Ukoo wa Nduna Songea bado unadai fuvu la babu yao, ambalo inaaminika lilipelekwa Ujerumani. Vita vile vya 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa, viliua watu wanaokadiriwa kwa makumi elfu, na wapo wanahistoria wanaotaja hadi laki tatu.

Mfanyabiashara atakayefungua baa yenye muziki mkubwa pembeni ya makaburi, au kuwavisha vijana ngozi na kuwachezesha lizombe juu ya kaburi ili mgeni apige picha, ataharibu bidhaa yenyewe. Mgeni anayetoka Ujerumani kuja Songea hakuja kuchekeshwa. Amekuja kwa sababu ya historia inayomhusu yeye na inayomhusu mwenyeji, na atalipa zaidi kumsikiliza mzee anayejua habari hiyo kuliko kulipia onyesho. Kwa hiyo wazee wa mila washirikishwe mapema, wakubaliane kipi kinasimuliwa na kipi hakisimuliwi, na walipwe kwa muda wao kama anavyolipwa dereva. Heshima hapa haipingani na faida. Ndiyo inayoifanya bidhaa isifanane na ya mahali pengine.

USHAURI KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Kwanza, asiyekuwa na gesti asikimbilie kukopa ili ajenge kwa ajili ya watalii. Aangalie kwanza vyumba vilivyopo mjini vinalala na watu wangapi Jumanne ya kawaida, mwezi wa mvua. Akiona nusu ni vitupu, afanye hesabu ya mauzo 1,950 kwa namba zake mwenyewe.

Pili, mwenye gesti tayari atafute siku ya pili. Apate dereva mmoja mwaminifu, kiongozi mmoja mwenye leseni, mama lishe mmoja Mbinga na mashua moja salama Mbamba Bay, waandikiane bei na kuziheshimu. Ubao mdogo mapokezi wenye bei hizo waweza kuleta zaidi kuliko rangi mpya ya ukuta.

Tatu, wenye VICOBA na SACCOS waone kwamba vifaa vidogo vinavyokodishwa, kama vile majaketi ya kuokolea, mahema na pikipiki iliyo katika hali nzuri, hurudisha fedha kwa haraka kuliko jengo, na vinaweza kufanya kazi nyingine wageni wasipokuwepo. Ndiyo sababu duka linaloazima masufuria ya harusi halifi.

Nne, mteja wa kwanza asitafutwe Ulaya. Barabara ya lami, uwanja wa ndege wa Songea uliokarabatiwa na mabasi ya kila siku kutoka Dar es Salaam vinaleta Watanzania. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 900, safari ya siku nzima kwa basi, na anayesafiri kiasi hicho kwa ajili ya harusi au semina hana haraka ya kugeuza siku inayofuata. Huyo ndiye wa kuambiwa kwamba ziwa liko karibu. Wafanyakazi wa serikali wanaohudhuria semina za siku tatu Songea na kuondoka bila kuliona Ziwa Nyasa ni mzigo unaopita sokoni bila kupimwa.

Pemba imekaa miaka mingi ikisifiwa kwa msitu wake huku fedha zikilala Unguja. Songea inaweza kusifiwa vivyo hivyo kwa mashujaa wake, fedha zikalala Iringa na Njombe njiani. Kitakachoamua si tangazo jingine wala tamasha jingine. Ni kile atakachojibu mhudumu wa mapokezi saa mbili usiku, mgeni mwenye begi mkononi atakapomwuliza: kesho hapa kuna nini cha kuona?